Barabara ya Midia Siku ya Mtihani

Walimu vijana wa kwetu wameniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu darasani, kwa kuwa nimestaafu mwaka huu na wanadhani sasa nina nafasi. Nafasi ninayo, hata imezidi. Walipendekeza nianze na vyeo nilivyoshika. Vyeo nitaviacha, anayevitaka anifuate shambani Logiri, nitamtajia huku napalilia. Nitaandika juu ya Midia, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kazi hii, na huko ndiko nilikoona kwamba inaweza kufanywa vizuri na bado isimfae mtoto.

Jina langu ni Candiru. Kwa Kilugbara ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa shida. Wazee wetu hawakuwa na desturi ya kuficha hali ya nyumba. Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1979, miezi michache baada ya serikali ya kijeshi ya Uganda kuanguka, nikapangiwa shule ya msingi huko Midia, nje ya mji wa Koboko, karibu na mpaka wa Kongo. Mimi nilikua nikisikia kengele ya kanisa la Ediofe, Arua, kila Jumapili. Koboko kwetu ilisemwa ni kwa Waislamu na wanajeshi. Mama alinifungia unga wa muhogo na samaki wakavu, akanionya nisizungumze siasa na mtu yeyote. Nilipofika niliona onyo lile halikuwa na kazi. Watu wote walikuwa wamenyamaza.

Mwalimu mkuu aliitwa Khemis, Mkakwa mrefu mwenye kanzu iliyofifia na viatu vya jeshi. Alinikuta nimesimama uwanjani na sanduku langu.

"Wewe iko mwalimu mpya?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umekuja na chaki?"

"Hapana."

"Haidhuru. Hata sisi hatuna."

Siku hiyo hiyo alinifundisha kutengeneza rangi ya ubao. Unavunja betri kuukuu za redio, unasaga ule weusi wa ndani, unauchanganya na uji mwepesi wa muhogo, unapaka mbao mara mbili na kuacha jua lifanye kazi yake. Chuoni walinifundisha saikolojia ya mtoto kwa miaka, lakini rangi ya ubao hawakuitaja. Kwa chaki tulitumia vipande vya muhogo mkavu. Viliandika hafifu, na watoto wa nyuma walikuwa hawaoni, kwa hiyo Khemis aliwakalisha mbele wale waliotoka mbali kabisa. Alisema hao ndio watakaosinzia kwanza, basi bora wasinzie karibu na mwalimu.

Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto wa namna mbili. Wako waliozaliwa pale pale, waliojua Kikakwa na mihogo. Na wako waliokimbia kutoka kambi za jeshi za kusini pamoja na mama zao, watoto waliosoma katika shule zenye madirisha ya vioo. Hao walikuwa na Kiingereza kizuri kuliko changu. Kufikia mwisho wa mwaka wengi wao walikuwa wamekipoteza, kama vile mtu anavyopoteza viatu akivuka mto. Sikujua kwamba mtoto anaweza kurudi nyuma namna ile huku anakuja shule kila siku.

Askari wa Tanzania, walioiangusha serikali ile, walikuwapo wakati ule, na mmoja wao alipenda kusimama dirishani akitusikiliza. Siku moja alimwambia Khemis kwa heshima, "Mzee, si 'mtoto iko', ni 'mtoto yuko'." Khemis alimshukuru. Yule askari alipoondoka, akanigeukia, "Serikali mpya imekuja na sarufi." Mimi nilikichukua kile Kiswahili chao kwa bidii, nikakiendeleza kwa vitabu, na ndicho ninachoandikia hapa. Kwa mdomo bado nasema kama watu wa Koboko.

Jambo kubwa alilonifundisha Khemis lilihusu ratiba. Mimi, kwa kufuata nilivyofundishwa, niliweka hesabu baada ya mapumziko. Alinijia mwisho wa mwezi.

"Madamu, wasichana wako hawajui hesabu."

"Hawaipendi, mwalimu."

"Hapana. Saa tano wewe angalia. Nani anatoka? Wasichana. Wanakwenda kuchota maji. Wewe unafundisha hesabu, wao iko kisimani. Si kichwa ile. Maji."

Nilihamishia hesabu asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Sikufanya kitu kingine chochote, na muhula uliofuata wasichana walikuwa sawa na wavulana. Nikawaza kwamba kazi hii ni hiyo: unatafuta kinachomzuia mtoto, unakisogeza. Niliamini hivyo kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata Watanzania walikuwa wameanza kuondoka, wakaja askari wengine ambao kwao jina la Koboko peke yake lilikuwa kosa, kwa kuwa mtawala aliyeanguka alikuwa mtu wa huko. Sitaeleza niliyoyaona. Tulivuka kwenda Kongo, Zaire ya wakati ule, sisi na watoto na mbuzi na watu wa Midia karibu wote. Khemis alibeba ubao kichwani. Nilimwambia autupe. Akasema ukiwa na ubao mutu anajua wewe ni mwalimu, bila ubao wewe ni mkimbizi tu. Tulifundisha huko nje kwenye nyasi kwa miaka, mvua ikinyesha tunaacha, mwenye shamba akitufukuza tunahamia kwingine. Watoto waliofika darasa la saba huko walifika mwisho wa njia, kwa sababu mtihani wa Uganda ulikuwa Uganda, na wa Zaire ulikuwa kwa Kifaransa. Khemis alifia huko kwa homa iliyomgeuza macho kuwa manjano, ugonjwa ambao mjini Arua wangeutibu. Tulimzika upande ule wa mpaka.

Tuliporudi, shule ilikuwa kuta tu. Mabati yalikuwa yamekwenda, milango na madirisha vimekwenda, na ndani ya darasa la tatu mti ulikuwa umeota na kupita urefu wangu. Tulianza tena kwa nyasi na matope. Miaka ya tisini ilipoingia, wakimbizi wa Sudan walianza kuja kwetu kama sisi tulivyokwenda kwa wenzetu, na madarasa yakajaa mpaka watoto wakawa wanaandika wakiegemeza daftari mgongoni kwa mwenzao. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la saba. Na nilikuwa nimejiwekea jambo moja moyoni. Tangu shule ile ijengwe, hakuna msichana wake hata mmoja aliyekuwa amekwenda sekondari. Nilitaka aende mmoja. Nilidhani mmoja akipita, wengine wataiona njia.

Zaitun alizaliwa Kongo. Baba yake alikuwa sajini. Alivuka mpaka siku moja kurudi kuangalia mihogo yao, hakuonekana tena. Mama yake aliuza simsim na karanga katika soko la Koboko. Mtoto huyu aliandika kwa mkono wa kushoto, alivaa shati la kaka yake lililokatwa mikono, na alikuwa mbishi. Nikikosea ubaoni, wenzake walinakili kosa langu kwa adabu, yeye alisimama. "Madamu, pale ni saba, si tisa." Alikaa dawati moja na Kiden, mtoto wa wakimbizi kutoka upande wa Kajo Keji, Sudan, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko watoto wote niliowahi kufundisha. Zaitun alimfundisha hesabu, Kiden alimfundisha kuandika insha bila kugombana na msomaji.

Walipoingia darasa la saba nilikwenda sokoni kumwona mama yake Zaitun. Alinipa kigoda nikakaa.

"Mama Zaitun, huyu mtoto ana kichwa."

"Najua. Hata mimi nilikuwa na kichwa."

"Nataka afanye mtihani, aende sekondari Arua. Mapadri wana nafasi kwa watoto wasio na uwezo, nimezungumza nao."

Aliendelea kupepeta simsim. "Madamu, iko mutu amekuja nyumbani. Ana duka. Si kijana lakini si mzee. Ametuma wazee mara mbili."

"Mwambie angoje."

"Mwanaume hangoji kama mwalimu." Akaweka ungo chini. "Nitamwambia mpaka mtihani. Mtihani ikipita, na hakuna shule, wewe usije tena hapa kwangu na maneno. Tumepatana?"

Tulipatana. Nilirudi Midia kwa baiskeli nikiimba, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya tangu Kongo.

Mwaka ule tulifanya kazi. Mtihani ulikuwa mmoja kwa nchi nzima, na waliotunga maswali walikuwa watu wa mjini. Mtoto wa Midia aliulizwa juu ya lifti, treni, choo cha kuvuta maji. Nilichora treni ubaoni. Kiden akauliza inageukaje. Nikasema haigeuki. Wakacheka sana, wakadhani mwalimu amechoka. Asubuhi hesabu, baada ya mapumziko Kiingereza, jioni kabla hawajakwenda kutafuta kuni, sayansi. Wasichana waliokuwa na wadogo wa kulea walikuja nao, na darasa likawa na mikeka nyuma. Mkaguzi mmoja alipita akaandika kwamba darasa langu lina kelele za watoto wachanga. Ilikuwa kweli.

Shule yetu haikuwa kituo cha mtihani. Watoto walitakiwa kwenda kufanyia mjini Koboko. Niliomba walale mjini siku iliyotangulia, lakini waasi walikuwa wameanza kuonekana tena porini, na hakuna mzazi aliyekubali binti yake alale mahali asipopaona. Siwalaumu. Tukapatana kuondoka Midia alfajiri, wote pamoja, mimi mbele na mwenzangu mmoja nyuma.

Tulitembea vizuri. Watoto walikuwa wameoga, wamepakwa mafuta, wameshika penseli na rula mkononi kwa sababu hawakuwa na mifuko. Zaitun alikuwa amevaa sketi mpya. Mama yake aliishona usiku uliopita kwa kitambaa cha pazia, na kwa karibu bado ungeona maua. Hatujafika nusu ya njia, tukakuta askari wa serikali wameweka magogo barabarani. Kijana mmoja, bunduki begani, alituinulia mkono.

"Barabara imefungwa, Madamu. Rudini."

"Hawa ni watoto wa mtihani. Mtihani ni leo."

"Naona. Lakini huko mbele iko bomu la ardhini. Gari moja imekanyaga asubuhi hii. Na wale watu bado iko porini."

"Tutapita shambani, tuzunguke."

Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mkubwa wake. "Shambani ndiyo mbaya zaidi. Mimi pia nina mdogo wangu anafanya leo, Masindi. Kama ningeweza ningekupitisha. Siwezi kukupeleka wewe na watoto ukafe mbele yangu."

Nilimwomba awasiliane na wakubwa kwa redio. Alifanya hivyo mbele yangu. Jibu lilikuwa kungoja. Basi tukakaa kando ya barabara. Nikawauliza watoto maswali ya hesabu ili wasisikilize risasi zilizokuwa zikisikika upande wa mjini, na walinijibu kwa sauti nzuri, kama tuko darasani. Jua lilipanda. Wakati ule karatasi ya kwanza ilikuwa imeshagawiwa kila mahali, Kampala, Jinja, Arua, na hata Koboko mjini penyewe. Zaitun hakuwa anajibu tena. Alikuwa anaitazama barabara.

"Madamu, sasa wameanza?"

"Wameanza."

"Watatungoja?"

Nikamuuliza swali jingine la hesabu. Mchana askari walituamuru tuondoke, kwa ajili ya usalama wetu wenyewe. Siku ya pili na ya mwisho ya mtihani magogo yalikuwa bado yapo. Barabara ilifunguliwa kesho yake, na lori la kwanza lililopita lilikuwa la soda.

Nilikwenda Arua, kwenye ofisi inayohusika na mambo haya. Afisa aliyenipokea hakuwa mtu mbaya. Aliniagizia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza habari za usalama.

"Madamu Candiru," akasema, "mtihani ni wa nchi nzima. Hauwezi kungojea barabara moja."

"Basi wapeni karatasi nyingine. Nitawasimamia hata kanisani, hata msikitini."

"Karatasi nyingine haipo. Walisoma mwaka mmoja, watasoma mwingine. Warudie."

"Wavulana watarudia. Wasichana hawatarudia."

"Kwa nini?"

Nilitafuta namna ya kumweleza, nikaona ana watoto wa kike wawili pichani juu ya meza, wamevaa sare za shule ya bweni. Nikamwambia chai ilikuwa nzuri.

Kwa mama yake Zaitun sikutaka kwenda, kwa sababu tulikuwa tumepatana. Yeye ndiye aliyekuja. Alinikuta nafagia darasa.

"Nimekuja nikwambie mimi mwenyewe, usisikie kwa watu," akasema. "Ni baada ya mwezi wa kufunga."

"Mama Zaitun, mwaka mmoja tu. Nipe mwaka mmoja."

"Madamu, kaa."

Tulikaa juu ya dawati, sisi wawili.

"Mimi nilikupa mwaka. Sikukunyima. Niliwaambia wale wazee wangoje, wakaniita mwanamke kichwa ngumu. Sasa wewe niambie. Mwaka kesho barabara itafunguka? Kama unajua, niambie, nitawarudisha tena."

Nilijua kusema ndiyo. Ni neno moja. Lakini yule mama alikuwa amekimbia mara tatu katika maisha yake kwa miguu katika barabara ile ile, na alikuwa ananitazama usoni.

"Sijui," nikasema.

"Mimi pia sijui. Yule mwanaume ana nyumba ya bati, na si mlevi. Hiyo najua."

Alilia kidogo, nami nikalia, kisha akanisaidia kumaliza kufagia. Zaitun hakurudi shule. Kiden na wakimbizi wenzake walihamishiwa kambi nyingine, ng'ambo ya Nile, wakapandishwa malori asubuhi moja, na mpaka leo sijasikia habari yake. Mwaka uliofuata waliofanya mtihani kutoka darasa lile walikuwa wavulana watupu. Barabara ilikuwa wazi.

Muda si mrefu nikahamishiwa shule moja mjini Arua, ambayo sitaitaja. Ilikuwa na umeme, maktaba, na watoto wanaoletwa kwa gari. Nilifundisha kama nilivyofundisha Midia, kwa mifano ile ile, na hesabu asubuhi kwa mazoea tu, maana huko hakuna msichana aliyekwenda kisimani. Maji yalikuwa kwenye bomba. Mwisho wa mwaka karibu darasa zima lilipita kwa daraja la juu. Wazazi walininunulia mbuzi. Mwenyekiti wao alisimama mbele ya watu akasema huyu Madamu ana kipaji cha pekee, na walimu wa kule vijijini waje wajifunze kwake. Watu walipiga makofi. Nilimshika mbuzi kamba nikasimama nao, kwa kuwa sikuona la kufanya. Usiniulize kama nilikuwa mwalimu mzuri. Nilikuwa mwalimu yule yule katika shule mbili.

Miaka miwili hivi baadaye nilikuwa na msiba wa rafiki huko Koboko. Niliporudi kutoka mazishini nilipita sokoni kununua simsim ya nyumbani. Mama yake Zaitun hakuwapo; miguu ilikuwa inamsumbua. Kigodani pale alikaa Zaitun mwenyewe, na mtoto mgongoni. Alinenepa kidogo. Aliinuka akapiga goti kunisalimu, nami nikamwinua. Tuliulizana habari za nyumbani. Mume yuko, hana neno. Mtoto ni wa kike. Akanipimia simsim, akaongeza konzi moja juu.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Madamu, ile mtihani. Iliuliza nini?"

Nilikuwa naijua. Niliipata karatasi ile baadaye na kuitumia kuwafundisha watoto wa Arua, mpaka maswali yakakaa kichwani kama sala.

"Unataka nikuulize?"

"Uliza."

Nikaketi kwenye gunia. Nikamuuliza basi linaloondoka Jinja na kwenda kwa mwendo fulani litafika lini. Alifunga macho, midomo ikacheza, akajibu. Sawa. Nikamuuliza kazi ya mizizi ya mmea. Akasema zote, na moja ambayo wasahihishaji hawakuiweka, kwamba inashika udongo usikimbie na mvua. Nikamuuliza eneo la bustani yenye njia katikati, swali lililowashinda wengi wa Arua. Alichukua kijiti, akachora katika vumbi mbele ya meza yake kwa mkono wa kushoto, akatoa lile eneo la njia, akanipa jibu. Nikamuuliza taa ya njano barabarani ina maana gani.

"Hiyo sijui," akasema. "Koboko iko taa gani?"

Mteja mmoja alikuja akataka karanga. Alimpimia, akamrudishia chenji, akamtikisa mtoto aliyeanza kulia. Kisha akageuka tena kwangu na kijiti mkononi, anangoja. Nilimuuliza mengine mpaka yale niliyoyakumbuka yakaisha. Hakujua kwamba yameisha. Nikaanza kutunga.